Josho la Ussene

Watu wa Kirongo walimjua Ussene kwa mambo mawili, mshono wake na mdomo wake. Atija alionywa juu ya hilo la pili kabla hajaolewa. Shangazi yake alimwambia, "Mwanangu, huyo bwana nguo anazishona vizuri, ila kinywa chake mwenyewe hakikushonwa." Atija akacheka, akaolewa naye vivyo hivyo, na miaka yote waliyokaa pamoja katika nyumba yao ya udongo karibu na ghuba ya Tungue hakuona sababu ya kujuta. Mumewe hakuwa mgomvi. Hakujua tu kusema ule uongo mdogo wa kumfurahisha mkubwa.

Jambo moja tu alilinyamazia, nalo lilikuwa la chumvi.

Vita vya kumng'oa Mreno vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Kule bara, upande wa Pundanhar, wapiganaji walikuwa na mihogo na nyama ya porini, lakini chumvi hawakuwa nayo. Ilitoka Kirongo. Atija na wenzake waliichemsha nyuma ya mikoko, wakaifunga katika vifuko vidogo, wakavificha vifuko chini ya majembe na mbegu kila walipokwenda shamba. Huko shamba waliikabidhi kwa Margarida, mwanamke wa Kimakonde aliyeshuka kutoka uwanda wa juu baada ya kijiji chake kuchomwa moto na askari. Margarida alikuwa Mkristo, mumewe alikuwa porini na bunduki, na njia za kwendea huko alizijua kama mtu anavyojua chumba chake gizani. Vifuko vya chumvi alivishona Ussene mwenyewe, kwa mabaki ya kaniki. Alishona, akatia kwenye kapu, akaendelea na kazi nyingine. Hata mkewe hakumwambia kwamba anajua vinakokwenda.

Basi siku moja shefe wa posto, yule Mreno aliyetawala Kirongo na vijiji vya jirani, akaita watu wote mbele ya boma. Mkalimani wake alikuwa Rachide, kaka yake Atija baba mmoja mama mmoja. Rachide alikuwa sipai, askari wa serikali. Alivaa kaptula ya kaki na kofia nyekundu, na tangu aivae hiyo kofia alikuwa ameacha kula nyumbani kwa dada yake.

Shefe alisema kwa kirefu, Rachide akatafsiri kwa kifupi. Watu wote wa pwani hii watahamishwa. Watapelekwa kwenye aldeamento, kijiji kipya kilichojengwa kando ya njia ya Pundanhar, mbali na bahari, kikazungushiwa waya wa miiba na lango moja. Kutoka ni kwa ruhusa, kuingia ni kwa ruhusa. Serikali inafanya hivyo ili kuwalinda raia wake na majambazi wa porini.

"Nani ana la kusema?" akauliza Rachide, kwa sauti ya mtu anayeomba asijibiwe.

Ussene akasimama. Utepe wa kupimia nguo ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwake. Atija, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, aliuona ule utepe akatamani kumvuta nao akae chini.

"Mwambie shefe hivi," akasema Ussene. "Waya ni wa mbuzi. Sisi tunavua hapa, tunalima hapa, wazee wetu wamezikwa hapa. Hakuna mtu katika sisi aliyeomba kulindwa. Hatuendi."

Rachide akamgeukia shefe, akasema kwa Kireno kwamba watu wanashukuru sana, ila wanaomba wapewe muda wa kufikiri.

Kumbe alisahau. Kabla ya kuoa, Ussene alikuwa ameshona nguo miaka mingi katika duka la Mreno huko Porto Amélia, na lugha ile ilikuwa imemwingia masikioni pamoja na vumbi la pamba. Alimtazama shemeji yake bila hasira.

"Shemeji, hapo umeteleza," akasema. Kisha akamgeukia shefe mwenyewe, akasema polepole, kila neno peke yake, "Nós não vamos. Hatuendi."

Atija aliogopa, ndiyo, mpaka akaikalia mikono yake. Lakini chini ya ile hofu palikuwa na kitu kingine kilichomfanya ainue shingo, na aliona wanawake wa kulia na kushoto kwake nao wameinua shingo zao. Maneno ambayo kila nyumba ilikuwa ikiyasema kwa kunong'ona sasa yalikuwa yamesemwa mchana, uwanjani, kwa lugha mbili.

Masipai walimchukua Ussene siku ileile, baada ya sala ya alasiri. Walichukua na cherehani yake na vitambaa vyote vya wateja. Alipofungwa mikono alimwambia mkewe, "Atija, usinililie mbele yao. Ukipata nafasi niletee wali."

Akampelekea. Kila siku alikwenda bomani na sahani iliyofunikwa kwa kawa, akaikabidhi langoni, akangoja. Siku za kwanza sahani ilirudi tupu, imefutwa hadi punje ya mwisho, naye akaichukua kama salamu. Kisha likaja gari kutoka Porto Amélia, akashuka bwana mmoja mwembamba, shati lake limepigwa pasi, hana sare. Watu walisema ni polisi wa siri. Tangu siku hiyo sahani ilirudi kama ilivyokwenda.

"Kaka," Atija alimwuliza Rachide langoni, "mume wangu yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mbona hali chakula?"

Rachide alitazama chini. "Nenda nyumbani, dada."

Hakwenda. Alikaa chini ya ukuta wa boma, upande wa kivuli, akasikia. Kulikuwa na mlio wa ubao ukipiga nyama, ule ubao wenye matundu ambao Wareno huuita palmatória, wa kupigia viganja na nyayo. Mlio, kisha sauti ya Kireno ikiuliza, kisha kimya. Mlio tena. Alisubiri kuisikia sauti ya mumewe, na wakati huohuo akamwomba Mungu asiisikie. Hakuisikia.

Asubuhi moja sipai asiyemfahamu vizuri alibisha hodi mlangoni. Hakuvua kofia. Alisema Ussene amekufa kwa malaria. Atazikwa na serikali, nyuma ya boma, leo hii. Hakuna matanga, hakuna hitima, na yeyote atakayekusanya watu atakamatwa.

"Ameoshwa?" akauliza Atija.

Yule sipai hakulitegemea swali hilo. "Sijui," akasema. "Nadhani hapana."

Atija alikaa kitako kizingitini. Machozi yalimjia, akayaacha yatoke, kwa kuwa hapo hapakuwa na Mreno wa kuyaona. Kisha akasimama, akachukua ndoo na kata, akaenda kuchuma majani ya mkunazi nyuma ya nyumba ya jirani. Jirani alimwona anavyochuma, akaelewa. Habari haikuhitaji kutangazwa. Ilikwenda yenyewe nyumba kwa nyumba, kama moto wa makuti.

Alipitia kwa mwalimu Abacar, aliyesomesha watoto Kurani na kusalisha msikitini. Mwalimu alimpokea mlangoni, uso umemsawijika.

"Mwalimu, nani atamwosha mume wangu?"

"Wanaume wameonywa, binti yangu. Wameniita alfajiri hii, wakaniambia nikigusa maiti ile nitalala pale ilipolala." Alizishika ndevu zake. "Lakini sheria iko wazi. Mke anaweza kumwosha mumewe. Hilo hakuna serikali inayoweza kulifuta."

"Basi nitamwosha mimi. Wewe jiandae kumsalia."

Hakungoja jibu.

Sanda ndiyo ilimsumbua. Vitambaa vyote vilikuwa bomani. Alisimama njiani akifikiri kuzipasua kanga zake, ndipo Margarida akamkuta. Alikuwa amebeba shuka jeupe, jipya, limekunjwa vizuri, lenye harufu ya sanduku.

"Ni shuka la harusi yangu," akasema Margarida. "Padri alilibariki. Nimekimbia nalo kichwani wakati nyumba inaungua. Chukua, shoga yangu."

"Margarida, hili ni la ndoa yako."

"Na huyo aliyekufa amekufia nini? Chukua. Mungu hawezi kuukataa weupe wake."

Walipofika bomani hawakuwa wawili tena. Wanawake walitokea mikokoni na miguu yenye tope, wengine walitoka jikoni na unga mikononi. Hakuna aliyepiga kelele. Waliingia uwanjani mwa boma kama watu wanaoingia msibani, wakaketi chini, mbele ya baraza la shefe.

Siku hiyo kikosi kikubwa cha askari kilikuwa kimepelekwa njia ya Mueda, na pale bomani walibaki masipai na askari wachache wa Kireno. Shefe alitoka barazani, akawatazama wale wanawake, na Atija akamwona anahesabu kwa macho. Nyuma yake alisimama yule bwana mwembamba. Rachide aliitwa kutafsiri.

"Wanataka nini?" shefe akauliza.

Atija akasimama. "Nimekuja kumwosha mume wangu."

"Mwambie kaburi limekwisha kuchimbwa."

"Sikuja kuomba kaburi," akasema Atija. "Nimekuja kumwosha."

Safari hii Rachide alitafsiri neno kwa neno. Atija, ambaye hakujua Kireno, alilijua hilo kwa sura ya shefe.

Yule mwembamba alisema kitu kikali, akaonyesha lango kwa kidole. Wanawake hawakuinuka. Jua lilipanda. Mtoto mmoja alilia, akanyonyeshwa. Shefe na mgeni wake walibishana barazani kwa sauti ya chini, na kila mtu aliona kwamba shefe anawaogopa watu ambao kesho na keshokutwa atatakiwa kuwasafirisha kwa utulivu. Hatimaye akasema haya: mwanamke huyu amwoshe papa hapa uwanjani, upesi, kisha askari wazike.

Ilikuwa ni kumdhalilisha. Maiti haioshwi hadharani, mbele ya macho ya kila mpita njia. Lakini Ussene alipoletwa kwenye kitanda cha kamba, amefunikwa gunia, Margarida alivua kanga yake ya juu akaitandaza kwa mikono miwili. Mwanamke wa pembeni yake akafanya hivyohivyo, na mwingine, na mwingine, mpaka ukasimama ukuta wa kanga ukikizunguka kitanda, na masipai wakabaki wanatazama migongo ya wanawake.

Ndani ya ukuta ule Atija aliondoa gunia.

Alimsitiri kwanza, kutoka kitovuni hadi magotini, kama inavyotakiwa. Ndipo akamtazama. Viganja vyake vilikuwa vimevimba hadi vidole havikuweza kukutana. Vidole vile vilivyoweza kupitisha uzi sindanoni bila kutazama. Nyayo zilikuwa zimepasuka. Mgongo hakuweza kuuona bado, na alihitaji mtu wa kumgeuza, na mtu wa kumwagia maji.

"Nipisheni," ilisema sauti nje ya ukuta.

Kanga mbili zikaachana, akaingia Rachide. Kofia nyekundu hakuwa nayo. Alichota maji yenye majani ya mkunazi kwa kata, akasubiri.

Atija alimtazama kaka yake. Kisha akasema, "Bismillahi. Anza upande wa kulia."

Nje yule mwembamba aliita, "Rachide!" Akaita tena, kwa ukali. Maji yakamwagika pembeni kidogo, kisha mkono wenye kata ukaendelea kumimina. Walimwosha kichwa, wakamwosha upande wa kulia, wakamwosha wa kushoto. Walipomgeuza wauoshe mgongo, Atija alisita. Mgongo ule ulikuwa umeandikwa kwa kiboko toka mabegani hadi kiunoni.

Aliwaza kwa haraka. Angeweza kumfunika na yakaisha. Watu wangekwenda makwao na neno la malaria, na wiki ijayo wangepanda malori.

"Shusheni kanga," akasema.

"Atija?" Margarida akauliza.

"Amesitirika panapotakiwa kusitirika. Pengine pote nataka watu waone. Shusheni."

Kanga zikashuka. Na hapo ikadhihirika kwamba wanawake hawakuwa peke yao, kwa sababu langoni na juu ya ukuta mfupi wa boma walikuwa wamejaa wanaume, walioanza kuja mmoja mmoja kwa aibu baada ya kusikia wake zao wako wapi. Wote wakaona.

"Hii ndiyo malaria ya Kirongo," akasema Atija. Hakupaza sauti, hapakuwa na haja. "Itazameni vizuri. Ndiyo itakayotungoja ndani ya waya."

Hapo Rachide akasimama, maji yakimchuruzika mikononi. Alizungumza kwa Kiswahili, lakini macho yake alimkazia yule bwana mwembamba.

"Nilikuwa mle chumbani. Mimi ndiye niliyetafsiri. Siku zote walimwuliza neno moja tu, chumvi ya porini inapita mkononi mwa nani. Hakuwajibu. Walimwambia ataje jina moja aende nyumbani kwa mkewe. Hakutaja hata jina la mbuzi wake. Huyu mtu mimi nilimwonea haya akiwa hai. Sasa najionea haya mimi."

Hakuna mwanamke aliyemtazama mwenzake. Walikodolea macho ardhi, miguu yao, maji yaliyokuwa yakinyonywa na mchanga. Kila mmoja wao alikuwa amebeba chumvi. Kila mmoja aliposikia maneno yale alijua kwamba jina ambalo Ussene alikataa kulitaja lilikuwa lake yeye. Naye Atija, aliyekuwa wa kwanza katika wote, alijisikia kana kwamba mtu amemwekea mkono begani. Mwanamume aliyeshindwa kunyamaza mbele ya shefe kwa ajili ya waya, alikuwa amenyamaza hadi kifo kwa ajili yake na ya wenziwe. Alipiga magoti, akamfuta uso, akamnong'oneza, "Ahsante, bwana. Nimesikia."

Walilipasua shuka la Margarida vipande vitatu, wakamvika. Lilimtosha.

Askari walipokuja kuchukua kitanda walikuta kimekwisha kuinuliwa. Wanawake walikibeba wenyewe hadi langoni, na langoni wanaume wakakipokea mabegani, mwalimu Abacar akiwa wa mbele, kanzu yake imepinda upande kwa haraka aliyoivalia. Yule mwembamba alitia mkono kwenye bastola. Shefe alimshika kiwiko akamwambia neno, na mkono ukabaki pale pale ulipo. Ussene alipita katikati ya masipai, akapelekwa kwenye makaburi ya kijiji, akasaliwa, akazikwa kando ya baba yake.

Rachide hakufika kaburini. Walimkamata palepale ndani ya boma, wakamsukumia katika chumba alichotoka Ussene. Baadaye alipelekwa gereza la mbali, akakaa huko hadi Wareno walipoondoka nchini, akarudi na meno machache na mguu mmoja mzito. Alipofika mlangoni kwa dada yake aliogopa kubisha. Atija alimwona kupitia dirishani, akamtolea mkeka, akampakulia wali, akakaa naye mpaka alipomaliza kula.

Lakini hayo yalikuwa bado mbali. Siku ile, watu walipotoka makaburini, hawakwenda majumbani kukaa. Kila mtu alijua malori yatakuja na askari wengi, na kwamba baada ya aibu ile shefe hatasita tena kutumia bunduki. Wazee walikutana kidogo tu. Walikuwa na njia mbili, waya au pori, na tangu waione hali ya mgongo ule hapakuwa na mjadala.

"Na wewe?" mwalimu Abacar alimwuliza Atija. "Umeingia eda. Mjane hatoki nyumbani. Lakini mwenye kuhofia roho yake ana ruhusa ya kuhama. Nimekwisha kukupa neno la sheria, uamuzi ni wako."

"Nitahama," akasema Atija. "Eda yangu nitaikalia mahali ambapo hakuna mlinzi wa kunifungulia lango."

Waliondoka alfajiri, kijiji kizima, na kuku wao na masufuria yao na wagonjwa wao mgongoni. Margarida alitangulia. Malori yalipofika Kirongo yalikuta milango iko wazi na mbwa wanaogopa. Watu walitembea mbali na barabara, wakivuka mbuga na vichaka, wakilala mchana chini ya miti pale ndege za Wareno zilipokuwa zinapita, mpaka wakatokea sehemu ambayo bendera ya Mreno haikufika. Hapo wapiganaji waliwapokea. Mkubwa wao, kijana wa Kimakonde aliyeitwa Manuel, alikuwa amekwisha kusikia habari. Habari za pori zina miguu myepesi. Aliwaonyesha mahali pa kujenga, karibu na maji, chini ya miti mikubwa.

Watu walikuwa wamechoka, wingu la mvua lilikuwa limeanza kukusanyika upande wa kusi, na kila mama alikuwa na watoto wa kuwasitiri. Atija alitandika kipande cha mkeka pembeni, akavuta kanga usoni, akijua kwamba mjane hana haki ya kudai chochote mbele ya wenye watoto. Alikuwa tayari kulowa.

Alipofunua uso aliwaona wanaume wa Kirongo wanakata miti. Mwalimu Abacar mwenyewe alikuwa anafunga fito kwa kamba za miti, huku Margarida na wanawake wengine wakileta nyasi kwa matita. Hawakuwa wamegawana sehemu, kila mtu na ya kwake. Wote walikuwa wanajenga kibanda kimoja, kidogo, chenye mlango uliotazama kibla.

"Hiki ni cha nani?" akauliza.

Margarida alitua mzigo wake wa nyasi, akajifuta jasho.

"Ni cha mke wa Ussene," akasema. "Ingia, shoga yangu, ukae eda yako. Sisi tutaanza vyetu kesho."

Atija akainuka, akainua shingo, akaingia.